Kamba ya Kuvutia Gari na Boti: Manila ya Dukani, Nailoni, Polista, Waya au Dyneema?

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukasema unataka kamba ya kuvutia gari, utaulizwa mambo mawili: unene gani, na mita ngapi. Jambo la tatu, ambalo ndilo lenyewe, halitaulizwa: unavuta nini, na unakitoa wapi? IST iliyozimika kwenye lami pale Kibaha, Land Cruiser iliyozama hadi ekseli kwenye udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, na boti ya faiba iliyozimikiwa na mashine katikati ya mkondo wa Pemba ni mizigo mitatu tofauti. Kila mmoja unataka kamba yake.

Kinachozidi kumchanganya mnunuzi ni majina. Manila halisi ni kamba ya nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba unaolimwa Ufilipino. Lakini ukiomba "kamba ya manila" Dar es Salaam au Mwanza, utapewa plastiki ya bluu, ya kijani au ya rangi ya machungwa. Hiyo ni polipropilini. Neno "nailoni" nalo limebeba kila kitu kinachong'aa, mpaka mfuko wa sokoni.

Siku moja nilikuwa natafuta mita 30 za nailoni kwa ajili ya boti. Kijana wa dukani akanishushia rola moja nyeupe, laini, inayong'aa.

"Hii ni nailoni kweli, mdogo wangu?"

"Nailoni tupu, mzee. Wavuvi wote wanachukua hii."

Nikamwomba anikatie kipande cha urefu wa kidole, nikakitia kwenye kikombe cha maji. Kikaelea. Nikakizamisha, nikakiminya mpaka mapovu ya hewa yaliyojificha kati ya nyuzi yakatoka yote, nikakiachia. Kikapanda tena juu. Nailoni ni nzito kuliko maji, haiwezi kufanya hivyo, na polista vilevile. Ile ilikuwa polipropilini iliyosukwa vizuri. Kijana hakuwa tapeli. Naye aliuziwa kwa jina hilohilo. Tangu siku ile sinunui kamba ya kuvutia bila kikombe cha maji, na nakuomba na wewe ufanye hivyo kabla hujatoa pesa yako.

Vigezo

Wengi huanza na nguvu. Mimi naanza na kunyumbuka, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Gari la tani 1 likishaanza kuviringika kwenye lami tambarare linahitaji mvuto wa kilo 15 hadi 20 hivi ili liendelee. Mtu mmoja analisukuma. Hata kamba nyembamba ingelimudu, na bado kamba nene zinakatika barabarani kila siku. Kinachozikata ni mshtuko. Gari la nyuma linakaribia la mbele, kamba inalegea, la mbele linaongeza mwendo, kamba inakazwa kwa kishindo. Kamba isiyonyumbuka inaupokea mwendo wote huo kwa kipande kidogo cha sekunde, na kilo 20 zinageuka kuwa mamia, pengine maelfu. Kamba inayonyumbuka inaugawa mshtuko uleule katika muda mrefu zaidi. Baharini hali ni hiyohiyo, isipokuwa kishindo kinaletwa na kila wimbi.

Upande wa pili wa jambo hili ni manati. Kamba iliyonyumbuka imeweka nguvu ndani yake, na siku itakapokatika, au ndoano itakapong'oka kwenye chesi, nguvu yote hiyo inarudi kwa aliyesimama karibu. Kwa hiyo kunyumbuka ni dawa ya mshtuko na ni hatari kwa wakati mmoja. Kazi yako ni kujua unahitaji kiasi gani.

Kwenye matope hesabu ni nyingine kabisa. Wakwamuaji wa magari wanafundishwa hivi: tope likifika kwenye kitovu cha gurudumu, mvuto unaohitajika unakaribia uzito wa gari zima, likifika kwenye madigadi, unafika mara mbili ya uzito huo. Land Cruiser ya kazi yenye abiria na mizigo, tani 3 hivi, inaweza kudai mvuto wa tani 6. Hapo kamba ya dharura ya kwenye buti haina kauli.

Kigezo cha pili ni nguvu ya kukatikia. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria ambayo kila mnunuzi anaweza kuipiga kichwani. Chukua unene kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa namba ya aina ya kamba, halafu gawanya kwa 300. Jibu ni tani. Namba za aina ni 2 kwa nyuzi za asili kama katani, 3 kwa polipropilini, 4 kwa polista na 5 kwa nailoni. Kamba ya milimita 12 basi inatoa tani 0.96 kwa katani, 1.44 kwa polipropilini, 1.92 kwa polista na 2.4 kwa nailoni. Waya laini wa chuma wa misokoto sita yenye nyuzi 24 kila mmoja una hesabu yake: unene mara wenyewe, mara 20, gawanya kwa 500. Milimita 12 zinatoa tani 5.76.

Namba hizo ni za kamba mpya isiyo na fundo. Kwa kazi ya kawaida mabaharia huzigawa kwa 6 ili kupata mzigo salama, yaani ile nailoni ya tani 2.4 inaaminiwa kilo 400. Fundo lenyewe linaweza kula karibu nusu ya nguvu. Jicho lililosokotwa kwa kurudisha ncha ndani ya kamba linakula kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi.

Vigezo vilivyobaki ni vifupi. Kamba inakuwaje majini: inaelea au inazama, na ikilowa inabaki na nguvu? Inavumilia vipi jua, msuguano na joto? Inafungika na kufunguka? Na bei: inapatikana duka la jirani au mpaka uagize?

Polipropilini, ile "manila" ya dukani

Kunyumbuka: wastani. Inazidi polista, haifikii nailoni, na ikishavutwa sana hairudi yote. Inabaki imelegea na kurefuka.

Nguvu: ni ya mwisho katika kamba za viwandani zilizotajwa humu kwa unene uleule, ingawa bado inaizidi katani.

Majini ndipo kipaji chake kilipo. Inaelea, na maji hayaipunguzii nguvu. Ukimrushia mwenzako kwenye boti nyingine akaikosa, inabaki juu, inaonekana, anaichukua kwa pondo. Kamba za kurushia watu waliotumbukia majini hutengenezwa kwa nyuzi hizi kwa sababu hiyohiyo. Ila kinachoelea kinaweza pia kupitiwa na boti ya mtu mwingine, kwa hiyo usiiache ikitandaa nyuma yako.

Jua ni adui yake mkubwa. Ile isiyotiwa dawa ya kukinga jua, ikiachwa juu ya carrier au ukingoni mwa boti, inageuka. Ikunje katikati ya vidole viwili: ikitoa vichembe vinavyochoma kama manyoya ya muwa, imeshakufa hata kama kwa macho ni nene. Joto nalo inaliogopa. Inayeyuka karibu na nyuzi joto 165, na ikisuguana na ukingo wa bampa huku inavuta utaona imeng'aa na kushikana mahali pale. Hapo nguvu imekwenda.

Kufunga: ni ngumu na inateleza. Fundo lililoshika vizuri kwenye katani linajifungua kwenye polipropilini. Ongeza mzunguko mmoja na uache mkia mrefu.

Bei: hakuna inayoishinda. Inauzwa kwa kilo au kwa rola karibu kila mahali, na kwa mwenye kipato kidogo hiyo si sababu ndogo. Inamfaa mwenye gari dogo anayetaka kitu cha dharura kwenye buti, palipo kivuli, na mwenye ngalawa au boti ndogo anayeibadilisha kabla haijazeeka.

Nailoni, kamba na mkanda

Kunyumbuka: hapa nailoni ni mfalme. Kamba zilizotengenezwa mahsusi kwa kukwamua zinanyumbuka hadi asilimia 30 hivi; ya mita 9 inakaribia mita 12 wakati imebeba, kisha inarudi. Mkanda bapa wa nailoni unafika asilimia 20 hivi. Ndiyo maana gari linalovuta linaweza kuondoka na mwendo kidogo, kamba ikajaza nguvu, halafu ikalinyofoa taratibu lile lililozama. Jambo hili lisijaribiwe na kamba nyingine yoyote iliyotajwa humu.

Mwaka 1935 ndipo nailoni ilipotengenezwa mara ya kwanza, katika maabara ya DuPont huko Marekani, na mpaka leo katika kazi hii ya kupokea mshtuko bado haijapata mshindani wa bei yake.

Nguvu: ya juu, tani 2.4 kwa milimita 12 kama tulivyoona. Kwa kukwamua, chagua kamba ambayo nguvu yake ya kukatikia ni mara 2 hadi 3 ya uzito wa gari jepesi kati ya hayo mawili. Iliyo nyembamba mno itakatika. Iliyo nene mno kwa gari dogo hainyumbuki, na unarudi kwenye kishindo kilekile ulichokuwa unakikimbia.

Majini inazama. Ikilowa inapoteza kama asilimia 10 hadi 15 ya nguvu, na ikikauka inairudisha. Kuzama kwake ni tatizo la kweli kwa boti inayovuta: nahodha akipunguza mwendo ghafla, kamba inashuka, inakwenda chini ya tezi, yaani nyuma ya boti, na kuizonga propela. Sasa boti mbili zimezimika badala ya moja. Wengine hufunga maboya madogo kila mita chache, na ni njia nzuri. Kwa kuvuta nanga au kufungia boti gatini, kuzama si kosa hata kidogo.

Jua na msuguano: inavumilia vizuri kuliko polipropilini, na huyeyuka juu ya nyuzi joto 215. Adui yake mkubwa ni mchanga. Chembe zikiingia ndani ya misokoto zinakata nyuzi moja moja kila inaponyumbuka. Ioshe kwa maji baridi, ianike kivulini.

Kufunga: laini, inashika fundo, lakini fundo lililobeba mzigo mkubwa halifunguki tena. Tumia jicho lililosokotwa.

Bei: ya kati hadi juu. Mkanda halisi wa kukwamua unapatikana kwa wauza vifaa vya magari ya safari na kwa wauza vifaa vya boti. Inamfaa dereva wa mbugani, mkulima mwenye pikapu kwenye barabara ya udongo, na boti inayovutwa kwenye mawimbi.

Polista

Kunyumbuka: kidogo. Kwa hiyo si ya kukwamua kwa kushtua, bali ni ya mvuto wa taratibu na wa kudumu.

Nguvu: tani 1.92 kwa milimita 12, na haibadiliki ikilowa. Majini inazama haraka, ni nzito kuliko nailoni. Jua inalivumilia kuliko zote nilizotaja mpaka hapa, msuguano pia, na inayeyuka karibu na nyuzi joto 255. Inafungika vizuri. Bei yake iko jirani na ya nailoni.

Kinachonifanya nisimame hapa ni mikanda. Mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori, ile ya kukazwa kwa mkono wa chuma, na ile mipana ya kunyanyulia mizigo kwa kreni, mingi ni polista. Watu wanaiona pana na imara, wanaifunga kwenye gari lililozama, wanaondoka kwa kasi. Mkanda haunyumbuki, na kinachong'oka ni ndoano au bampa. Tazama lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: kwa utaratibu wa viwango vya Ulaya, lebo ya bluu ni polista, ya kijani ni nailoni, ya kahawia ni polipropilini. Angalia lebo, si mkanda wenyewe, kwa sababu rangi ya mkanda inafuata mpango mwingine. Mkanda usio na lebo usiupe kazi ya mshtuko.

Inamfaa anayevuta gari kwa mwendo mdogo barabarani na dereva mtulivu, mwenye winchi (mashine ya ngoma inayokunja kamba na kuvuta) anayehitaji kipande cha kuongezea urefu au cha kuzungushia mti, na boti zinazovutwa ubavu kwa ubavu bandarini.

Waya wa chuma na mnyororo

Kunyumbuka: kwa gari, sema hakuna. Kwa meli ni habari tofauti. Tagi inayovuta meli bahari kuu huachia waya mrefu wenye uzito mkubwa, ukashuka katikati kama kamba ya bembea. Wimbi likija waya unainuka kabla haujakaza, na uzito wake ndio unaofanya kazi ya kunyumbuka. Mita 10 za waya kati ya Fuso mbili hazina faida hiyo.

Nguvu: kubwa sana kwa unene mdogo. Mnyororo mzuri nao una nguvu, lakini unafuata pete yake dhaifu, na pete iliyoungwa kwa welding mtaani haina mtu anayejua imebaki na nguvu gani.

Majini unazama, na chumvi inautafuna kuanzia ndani mahali usipopaona. Jua haliudhuru. Msuguano wa mawe na kingo za chuma ndipo unapowashinda wote: penye mwamba au chesi yenye ncha kali, mnyororo utabaki na kamba zote zitakatwa.

Kufunga: waya haufungwi fundo. Unahitaji jicho lililobanwa kiwandani au vibano vyake, na kiganja chenye glavu ya ngozi, maana nyuzi zilizokatika zinatokeza kama miiba. Mita moja ya waya wa milimita 12 ina karibu nusu kilo.

Ukikatika, waya unarudi kama fimbo. Tandika gunia zito, mkeka wa gari au koti katikati yake kabla hujavuta, na usiruhusu mtu asimame karibu kuliko mara moja na nusu ya urefu wa waya. Wale vijana wanaojitolea kusukuma huku waya umekazwa pembeni yao, waondoe kwanza. Nimeona waya ukipita usawa wa kifua mahali ambapo sekunde chache kabla palikuwa na mtu, na sijawahi tena kuona aibu ya kusimamisha kazi mpaka kila mtu asogee.

Bei: ya kati, waya wa mitumba kutoka kwenye kreni ni rahisi, lakini umetolewa kule kwa sababu. Unamfaa fundi wa gari la kuvutia magari mabovu, mwenye winchi, na machimboni penye mawe.

Dyneema na ndugu zake

Hizi ni kamba za polietilini ya molekuli ndefu mno. Kunyumbuka ni asilimia 3 au 4 tu, kama waya. Nguvu nayo ni ya waya au zaidi: ya milimita 10 inaweza kupita tani 8, na bado unaibeba kwa mkono mmoja. Majini inaelea. Jua inalivumilia kiasi. Joto ndilo linaloimaliza, maana inayeyuka chini ya nyuzi joto 150. Kwenye ngoma ya winchi iliyopata moto inaharibika kimyakimya. Inateleza kiasi kwamba fundo la kawaida linachomoka, kwa hiyo ni lazima isokotwe jicho. Ikikatika hairuki kwa ukatili wa waya kwa sababu ni nyepesi na haikunyumbuka sana, ingawa chuma kilichofungwa mwisho wake bado kinaweza kuua.

Bei ndiyo inayowazuia wengi, na kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni ya kuagiza. Inamfaa mwenye winchi aliyechoka na uzito wa waya, na vyombo vinavyotaka nguvu nyingi bila uzito omoni, yaani mbele ya chombo. Ukitaka kuitumia kuvuta boti kwenye mawimbi, unga kipande cha nailoni mbele yake kiwe springi.

Katani na usumba

Sijaziweka kwenye mashindano, lakini haifai kuzipita bila salamu. Katani ilifika Tanganyika mwaka 1893, pale Dakt. Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge ikabaki hai 62, na kutoka hapo mashamba ya Tanga yakajulikana duniani. Kamba yake inashika fundo vizuri kuliko plastiki yoyote na haiyeyuki. Lakini inaoza ikihifadhiwa mbichi, na nguvu yake ni ndogo. Kwa kuvuta gari, iache ifunge mizigo.

Usumba, kamba ya makumbi ya nazi, ni dhaifu zaidi, ila unaelea na unanyumbuka. Kabla ya nailoni, mabaharia waliunga kamba nene za usumba kwenye amari, ile kamba nene ya kuvutia chombo, ili zipokee kishindo cha wimbi. Akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaofukia makumbi mchangani, kuyaponda na kusokota kamba bado wanatengeneza kitu chenye sifa mbili, kunyumbuka na kuelea, ambazo kamba za kisasa hazijaziunganisha kikamilifu.

Unapofunga

Kamba nzuri ikifungwa pabaya ni hasara tupu. Magari mengi ya Japani yana kifuniko kidogo kwenye bampa; nyuma yake kuna tundu la jicho la kuvutia linaloingizwa kwa kuzungushwa. Jicho hilo hukaa na jeki na spana, na magari mengi ya mitumba yanafika bila hilo. Litafute leo, kabla hujazimika. Ni la kuvutia taratibu kwenye barabara, si la kunyofoa gari matopeni. Zile ndoano nyembamba chini ya gari ni za kulifunga lisicheze melini. Usizipe kazi nyingine. Kichwa cha mviringo cha kuvutia tela nacho kisifungwe kamba ya kukwamua hata siku moja. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo.

Gari likiwa limezimwa, breki zinakuwa ngumu na usukani mzito, na ufunguo ukitolewa usukani unajifunga. Gari la otomatiki lisivutwe huku magurudumu yanayoendeshwa na gia yako chini, kwa sababu injini ikizimwa pampu haipeleki mafuta kwenye giaboksi. Hapo jibu si kamba yoyote, ni gari la kubebea.

Kwa boti, funga kwenye jicho la omoni lililopigwa bolti zilizopenya, si kwenye kingo za faiba. Boti inayovuta ifunge kamba pande zote mbili za tezi, zikutane katikati, la sivyo itakuwa inavutwa upande mmoja na usukani hautasikia. Anayevutwa ahamishie watu nyuma ili omo uinuke. Urefu wa kamba uwe wa kufanya boti zote mbili zipande wimbi pamoja na kushuka pamoja. Moja ikishuka wakati nyingine inapanda, kamba inakaza kwa kishindo kila mara, ongeza au punguza mita chache mpaka itulie.

Kulingana na hali yako

Una gari dogo la mjini la kuendeshwa kwa gia za mkono, na hofu yako ni kuzimika barabarani: polipropilini ya milimita 14 au zaidi, au polista, mita 4 hadi 5, yenye macho mawili, imefungwa kitambaa chekundu katikati ili wapita njia waione. Iweke kwenye buti. Nchini Uingereza sheria inataka umbali kati ya magari mawili usizidi mita 4.5, na hata pasipo na sheria hiyo ni kipimo kizuri.

Unaendesha mbugani au kwenye udongo unaonata: kamba au mkanda wa nailoni wa kukwamua wa mita 9, pamoja na koleo. Chimba mbele ya magurudumu kwanza. Kila ndoo ya tope unayoitoa inapunguza mzigo wa kamba, na mara nyingi kamba haihitajiki tena.

Una winchi: waya kama unafanya kazi penye mawe au bajeti ni ndogo, Dyneema kama unaibeba kwa mikono mara kwa mara na huivuti kwenye kingo kali. Nailoni isiingie kwenye winchi. Itajaa nguvu kwenye ngoma na kuishika pabaya.

Una boti ndogo ndani ya ghuba au ziwani kukiwa shwari: polipropilini inatosha, na kuelea kwake kutakusaidia kuliko nguvu za nyingine. Ukitoka nje wakati wa kusi, chukua nailoni ya milimita 16 au zaidi, mita 40 au 50, yenye maboya madogo upande wa boti inayovuta.

Na wewe unayeshusha na kupandisha boti ufukweni kwa pikapu, ambako gari na chombo vinakutana: magurudumu ya pikapu yabaki kwenye mchanga mgumu juu, tela lishuke majini kwa kamba ndefu ya polista, mvuto uwe wa taratibu kwa gia ya kwanza. Usitumie nailoni hapo. Tela likinasa kwenye jiwe chini ya maji, nailoni itanyumbuka bila wewe kujua, halafu litachomoka ghafla na kupanda ufukwe likiwa na boti juu yake, na nyuma ya pikapu ndipo watoto wanapopenda kusimama kutazama.